Maziwa ya Jioni: Utangulizi wa Taaluma ya Usindikaji wa Nyumbani

Mara ya kwanza nilipozunguka vijiji vya Bomet, Kenya, na dodoso mkononi, swali la kumi na mbili lilikuwa hili: "Je, kuna mtu katika nyumba hii anayesindika mazao?" Nyumba baada ya nyumba nikajibiwa hapana. Katika nyumba ya mwisho siku ile, mama mwenye mji alinijibu hapana akiwa ameketi chini ya vibuyu vitano vilivyotundikwa ukutani, kila kimoja na maziwa ya umri wake: ya juzi, ya wiki iliyopita, ya mwezi uliokwisha. Akanimiminia kikombe. Nikanywa, nikaandika "hapana", nikaaga.

Miaka miwili ilipita kabla sijatambua nilichofanya. Yule mama hakunidanganya. Kwake usindikaji ni kazi ya kiwanda cha chai kule ng'ambo ya bonde, chenye bomba la moshi na wafanyakazi wa zamu. Kazi yake yeye ilikuwa na jina lake, mursik, yaani maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, na dodoso langu halikuwa na nafasi ya neno hilo. Utangulizi huu nauandika kwa ajili ya mwanafunzi atakayepita njia ileile, asije akarudia kosa langu. Karibu. Uwanja huu ni mpana, watu wake ni wakarimu, na kazi iliyobaki ni nyingi kuliko watendaji.

Taaluma tunayoizungumzia inachunguza kazi inayofanyika baina ya shamba na sahani: kuloweka, kumenya, kukausha, kusaga, kuchachusha, kufukiza moshi. Katika Afrika Mashariki sehemu kubwa ya kazi hiyo imo mikononi mwa wanawake, na zao lililoandikiwa zaidi ni muhogo. Kuanzia mwaka 1989, utafiti mkubwa wa pamoja kuhusu muhogo barani Afrika, unaojulikana kwa ufupisho wa COSCA, ulikusanya habari za vijiji katika nchi sita, Tanzania na Uganda zikiwemo. Mwaka 2002 Felix Nweke na wenzake wawili, Dunstan Spencer na John Lynam, walitoa kitabu kilichojengwa juu ya matokeo hayo. Msomaji mgeni aanzie hapo, na asome kwa makini hasa pale wanapoeleza nani hufanya nini. Maadamu muhogo unamenywa na kukunwa kwa mkono, wanawake ndio wenye kazi. Mashine ya kukuna ikifika kijijini, wanaume wanaingia, kwa kuwa mashine ina mwenyewe, na mwenye mashine kwa kawaida ni mwanamume.

Sasa mwanafunzi wa Kericho au Bomet ataniuliza: muhogo unatuhusu nini sisi? Ana haki ya kuuliza. Muhogo hupenda joto. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua inanyesha karibu kila alasiri, na vilima vyote hadi Litein na Mogogosiek vimefunikwa kwa chai. Utauona muhogo ukiteremka kuelekea Soin na bonde la Nyando, au ukienda mbali zaidi mpaka Busia na Migori, ambako unga wake huchanganywa na mtama au wimbi kupikwa ugali wa rangi ya udongo. Huku juu haupo. Lakini swali lililoibuliwa na muhogo lipo hapahapa, limo ndani ya kibuyu. Muhogo ulioloweshwa na maziwa yaliyogandishwa ni ndugu: vyote viwili hukabidhiwa bakteria wa asidi ya laktiki, vyote viwili huhitaji mtu anayejua kungoja, na mtu huyo karibu kila mara ni mama.

Tukae kidogo na kibuyu chenyewe, kwa sababu asiyejua kazi hawezi kuwaelewa wafanyao kazi.

Kwa Kipsigis, lugha ya wenyeji wa vilima hivi, kibuyu cha maziwa huitwa sotet. Hutokana na mmea wa kutambaa, jamaa ya boga, ambao tunda lake huachwa likomae na kukauka mpaka ganda liwe gumu, kisha hutobolewa na kusafishwa ndani. Chombo cha kusafishia ni ufito wa mkindu uliopondwa ncha ukawa kama brashi. Unaitwa sosiot, jina lilelile la mji mdogo ulioko Belgut. Baada ya kuoshwa na kukaushwa, kinafuata kisehemu ambacho mgeni hukiona cha ajabu. Mama huchukua kijiti cha senetwet, kichaka chenye maua ya manjano kinachoota kando ya njia na kwenye mipaka ya mashamba, na ambacho wataalamu wa mimea hukiita Senna didymobotrya. Hukichoma mpaka kiwe kaa jekundu, hukiingiza ndani ya kibuyu na kukisugua ukutani kote, akizungusha, akipuliza, akigonga, hadi ndani pote pawe na ngozi nyembamba ya masizi. Ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupoa yanapomiminwa. Kibuyu hufunikwa na kuwekwa mahali penye ubaridi. Siku tatu zinaweza kutosha. Wengine hungoja wiki kadhaa. Yanapomiminwa kikombeni yana michirizi ya kijivu inayokaribia samawati, na harufu ya moshi ambayo mtoto wa huku akiisikia akiwa ugenini hukumbuka kwao.

Angalia sasa kilichomo katika hatua hizo. Maziwa yakichemshwa, vijidudu vya maradhi hufa, wale wa homa ya kutupa mimba na wa kifua kikuu wakiwemo. Lakini bakteria wazuri hufa nao. Je, nani atayagandisha? Kibuyu. Ganda lake lina vitundu, na ndani ya vitundu hivyo hubaki ukoo wa bakteria kutoka maziwa yaliyotangulia. Wao hula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Kiwango cha pH kikishuka hadi kama 4.6, protini ya maziwa iitwayo kaseini huganda. Asidi hiyohiyo huwazuia vijidudu wengi wengine wasistawi. Masizi huongeza rangi na ladha, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba senetwet ina kemikali zinazopunguza nguvu za baadhi ya vijidudu. Kwa hiyo mama anapoamua kukisugua kibuyu sana au kidogo, kukiosha kwa maji moto au baridi, kukipumzisha au kukijaza tena upesi, anaamua ni ukoo gani wa bakteria uendelee kuishi. Mimi huiita kazi hiyo ufugaji. Nje anafuga ng'ombe, ndani anafuga wasioonekana.

Naomba usiichukue lugha hiyo kuwa ni sifa za kupamba. Nina sababu. Katika vitabu vyetu ujuzi wa wanawake hutajwa kwa maneno laini, "mila", "desturi", "urithi", na ujuzi wa kiwanda hutajwa kwa maneno mazito, "teknolojia", "ubora", "viwango". Ukianza na mgawanyo huo wa maneno, utafiti wako umekwisha kuamua jambo kabla hujafika uwanjani.

Jambo la pili la kujua ni saa. Katika jamii za Kalenjin, Kipsigis wakiwemo, maziwa yana saa, na saa ina mwenyewe. Mwanaanthropolojia Regina Smith Oboler, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu wanawake wa Nandi, jirani na ndugu wa Kipsigis, alieleza jinsi mali ya ng'ombe ilivyogawanywa ndani ya nyumba kwa undani ambao watafiti wengi waliomtangulia hawakuufikia. Ng'ombe ni wa mume, au wa mahari, au wa ukoo. Maziwa ya jioni, hata hivyo, yalikuwa ya mke: ayapike chai, awape watoto, amgawie jirani, ayagandishe, auze kidogo anunue chumvi na sabuni. Maziwa ya asubuhi ndiyo yaliyokwenda kwenye ushirika, na malipo yake yakaingia mahali jina la mume lilipoandikwa.

Mpango huo ulipata nguvu katika jambo la kawaida kabisa, ratiba ya gari. Gari la maziwa lilipita asubuhi. Ng'ombe aliyekamwa saa kumi na mbili jioni hakuwa na gari la kumngojea, na bila umeme maziwa yake yasingefika kesho yakiwa mazima. Basi yalibaki nyumbani, na yaliyobaki nyumbani yalikuwa ya mama. Kibuyu ndicho kilichokuwa jokofu lake na akiba yake.

Kisha matangi ya kupozea maziwa yakaja. Ushirika wenye tangi unaweza kupokea maziwa ya jioni, na boda boda anaweza kuyafikisha kabla ya giza. Kwa hesabu ya taifa hiyo ni habari njema: maziwa mengi zaidi yanauzwa, machache yanaharibika, na viwanda kama kile cha New KCC pale Sotik vinapata malighafi. Lakini mwaka 2018 Katie Tavenner na Todd Crane, wakiandika kuhusu jinsia na mamlaka katika maziwa ya Kenya, waliuliza swali ambalo ripoti nyingi za maendeleo hazikuliuliza: maziwa ya jioni yakiingia soko rasmi, mwanamke anapata nini badala ya alichopoteza? Hapo ndipo muhogo na maziwa vinapokutana tena. Mashine ya kukuna kule na tangi la kupozea huku vimefanya jambo moja. Vimepunguza taabu na vimehamisha umiliki, na kwa kuwa taabu huonekana kuliko umiliki, tumepima kupungua kwa taabu tukasahau kupima kilichohama.

Sisemi tangi liondolewe. Hakuna mama niliyeongea naye aliyetaka hivyo. Wengi walitaka jambo dogo lenye maana kubwa, nalo ni kuwa na namba yao wenyewe ya kuuzia maziwa, na malipo ya jioni yaingie kwenye simu yao.

Wakazi wa eneo la chai wanaijua hadithi hiyo kwa sura nyingine. Tangu mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, ilipoanzishwa mwaka 1964 (ikawa kampuni ya wakulima mwaka 2000), majani mabichi hupimwa kituoni kwa namba ya mkulima, na mkulima ni yule ambaye shamba limeandikwa kwa jina lake. Anayechuma mara nyingi ni mke. Bonasi ya mwisho wa mwaka huenda kwa mwenye namba. Mwanafunzi anayetaka kuelewa kwa nini wanawake wa Kericho na Bomet wameyashikilia maziwa, mboga na kuku kwa nguvu namna ile, aanze kwa kuangalia namba hiyo. Chai imekula ardhi na imekula siku, kisha ikawaachia kina mama saa za jioni. Kila walichojenga, kuanzia chama cha kuweka akiba hadi karo ya muhula, wamekijenga ndani ya saa hizo.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu chai ambalo kila mara hunihuzunisha. Kericho ina taasisi ya utafiti wa chai tangu mwaka 1951. Ina maabara, vitalu na wataalamu, na mwaka 2011 ilitoa aina ya chai ya zambarau, TRFK 306, baada ya kazi ya miaka mingi. Naiheshimu kazi hiyo. Lakini kibuyu, ambacho kimelisha nyumba za vilima hivi kabla mche wa kwanza wa chai haujapandwa, hakijawahi kuwa na taasisi hata ya chumba kimoja. Utafiti wake umefanywa kwa vipande: tasnifu hapa, makala pale, sampuli chache zilizochukuliwa sokoni na kupelekwa mbali.

Nifikie sasa jambo gumu, ambalo mtu akikupeleka uwanjani bila kukueleza atakuwa amekudhulumu.

Hospitali ya Tenwek, iliyoanza mwaka 1937 karibu na mji wa Bomet, imewapokea wagonjwa wengi mno wa saratani ya umio, yaani mrija unaopitisha chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Mwaka 2002 madaktari wa huko na wenzao waliandika katika jarida la Lancet kwamba ugonjwa huo ni wa kawaida hata kwa vijana wa Bomet, jambo lisilo la kawaida katika sehemu nyingi za dunia. Chanzo kikatafutwa. Mwaka 2013 kundi la watafiti, wakiwemo wa Finland na wa Tenwek, walichapisha vipimo vya sampuli nane za mursik. Walikuta pombe kidogo, na katika baadhi ya sampuli walikuta asetaldehidi kwa kiwango kinachoweza kudhuru chembe za urithi. Kemikali hiyo hutokea hasa pale hamira wanapogeuza sukari kuwa pombe. Wenyewe waliandika "huenda": huenda ikawa ni sababu mojawapo.

Habari ilipofika vijijini, neno "huenda" lilikuwa limedondoka njiani. Nimewasikia kina mama wakiambiwa kwamba wamewaua watu wao kwa kibuyu. Si haki, wala si sayansi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliamua mwaka 2016 kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi, vina uwezekano wa kusababisha saratani hiyohiyo, na hakuna mtu wa eneo la chai asiyejua jinsi chai inavyonywewa huku, ikitoka mekoni, ikifuka. Moshi wa jikoni umechunguzwa. Pombe imechunguzwa. Lishe imechunguzwa. Mkono mmoja peke yake haujaonekana.

Hata hivyo, kwa kuwa nimesema ujuzi wa kibuyu ni sayansi, siwezi kukataa usahihishwe kama sayansi. Muhogo umetufundisha hilo kwa uchungu. Muhogo mchungu una linamarini, ambayo hugeuka sianidi. Kuloweka, kuchachusha na kukausha huitoa. Huko Tarime, Tanzania, kuvuka tu mpaka wa Migori, mwaka 1985 ukame na njaa viliwafanya watu wafupishe hatua hizo, na wengine wakapata konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona. Wanawake wale walizijua hatua. Njaa ndiyo iliyowanyima siku za kungoja. Kwa hiyo chakula kikidhuru, mchunguzi mwema haulizi kuhusu ujinga wa mama. Anauliza ni hatua gani imebadilika, na nani au nini kimeibadilisha.

Ukilileta swali hilo kwenye mursik, mlango unafunguka. Mitungi ya plastiki imechukua nafasi ya vibuyu katika nyumba nyingi, na mkaa unatiwa ndani kama unga. Je, ukoo wa bakteria ulioishi katika ganda unaishi katika plastiki? Kibuyu kinachouzwa sokoni kinakaa siku ngapi zaidi ya kile cha kunywewa nyumbani? Hamira wanaingia lini? Mama anayesema kibuyu fulani "kimeharibika" na kukitupa amesikia nini puani ambacho kipimo cha maabara kingekionyesha baadaye? Bakteria wazuri wa vibuyu bora wanaweza kuchaguliwa na kurudishwa kwa kina mama kama mbegu bora inavyorudishwa kwa mkulima. Kazi hiyo inaweza kufanywa Chuo Kikuu cha Egerton, inaweza kufanywa Chuo Kikuu cha Kabianga, hatua chache tu kutoka kwenye vibuyu vyenyewe. Ninachosisitiza ni kwamba, siku bakteria hao watakapofungwa kwenye pakiti na kupewa jina la biashara, wenye vibuyu walikotoka wawe na haki yao iliyoandikwa. Tusingoje mpaka mashine ifike ndipo tuulize mwenyewe ni nani.

Vifaa vya kazi hii ni vichache. Jifunze Kipsigis, angalau cha kuamkia na cha jikoni. Jua tofauti ya sotet iliyokaa na sotet mpya. Usimwite mama wa miaka sitini kwa jina lake mbele ya watoto wake. Mwite mama, au kogo kama amefikia umri wa bibi, na ungoje akuulize kwenu ni wapi kabla hujamuuliza idadi ya ng'ombe. Soma Oboler, soma Nweke, soma madaktari wa Tenwek, na usimwache hata mmoja, kwa sababu anayejua umiliki bila kemia atatetea kilicho na madhara, na anayejua kemia bila umiliki atamnyang'anya mtu riziki akidhani anamwokoa.

Swali langu la kumi na mbili nimelifuta. Mahali pake nimeandika: "Jana jioni ng'ombe alipokamwa, maziwa yalikwenda wapi?" Nakuachia swali hilo, lichukue. Nenda Silibwet, nenda Kapkatet, nenda Chebole, ila usiende asubuhi wakati watu wako kwenye chai. Fika saa kumi na moja, chukua ndoo ukiruhusiwa, msaidie mama kumfunga ndama. Dodoso libaki kwenye mkoba mpaka ng'ombe amalize kukamwa.